Sofa ya Taifa

Nchi yetu ina jina, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumatano tu. Leo ni Alhamisi. Itoshe kusema ni nchi nzuri yenye watu wapole, na mtawala wake tunamwita Baba Mwenye Nyumba. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipotangaza kwamba taifa ni nyumba moja. Tulishangilia sana. Ilituchukua miaka kadhaa kutambua kwamba ikiwa yeye ndiye mwenye nyumba, basi sisi ni wapangaji.

Mimi ni Bi Mwasiti, mke wa Fundi Kibwana, na nitaeleza namna serikali ilivyokuja kuketi nyumbani kwetu.

Yote yalianzia kwenye kitambaa. Alikuja rais wa nchi ya mbali, mgeni mkubwa, na mke wa Baba Mwenye Nyumba alimwandalia sebule kama sisi wote tunavyowaandalia wageni: kila mkono wa sofa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kila mgongo wa kiti chake, redio chake, runinga chake. Alivifuma mwenyewe, mama wa watu, na kimoja alikitia kuku na vifaranga vitatu kwa uzi wa rangi ya chungwa. Mgeni alipoinuka, kitambaa cha kuku kilinasa kwenye kifungo cha nyuma cha koti lake. Akatoka nacho. Hakuna aliyemwambia. Wengine waliona si adabu kumsemesha mgeni juu ya mambo ya mgongoni mwake, na wengine walidhani ni nishani ya kwao. Akakagua gwaride na kuku. Akasimama wimbo wa taifa na kuku. Akapanda ndege na kuku na vifaranga vyake vitatu, na picha zikatoka katika magazeti ya dunia nzima.

Siku ya tatu Baba Mwenye Nyumba alilihutubia taifa.

"Ndugu wapangaji," alisema, "tumevamiwa! Adui hakupita mpakani. Amepita sebuleni! Kwa miaka mingi mwanaume wa nchi hii amekuwa mgeni katika kiti chake mwenyewe. Akikaa, anakalia ua. Akiegemea, anaegemea kipepeo. Je, hii ndiyo nchi tuliyoipigania?"

Jirani yangu Bwana Chande alipiga makofi peke yake mbele ya redio mpaka chai ikamwagika. Mkewe aliifuta kwa kitambaa cha kufuma, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Ikaundwa Tume ya Ladha ya Mwanaume. Wajumbe walikuwa wanaume kumi na mmoja, na kazi yao ilikuwa kugundua mwanaume anapenda nyumba yake ipambwe vipi. Walikaa miezi tisa katika hoteli ya kando ya ziwa. Waliwahoji wanaume thelathini na wanane, wote katika baa moja, wote wakiwa tayari wameketi. Wanawake hawakuhojiwa kwa kuwa swali halikuwahusu. Maseremala nao hawakuhojiwa. Ripoti ilieleza sababu: seremala akiulizwa habari za kiti huanza kuuliza ni nani atakayekikalia, na swali hilo lingechelewesha kazi.

Mwisho wakagundua. Mwanaume hupenda kitu kikubwa. Hupenda cheusi. Hupenda kinachong'aa. Hupenda chenye miguu ya simba, hata kama simba hajawahi kumwona. Hupenda mahali pa kuwekea chupa. Na zaidi ya yote, hupenda kitu ambacho mkewe hakukichagua.

Hapo ndipo ilipozaliwa Wizara ya Sebule, na wizara ikazaa Sofa ya Taifa. Ilikuwa nyeusi, ya ngozi bandia, yenye vishimo vinane vya chupa na miguu sita ya simba. Kila mkono wake uliishia kwa kichwa cha simba aliyefumbua mdomo. Vipimo vilichukuliwa katika sebule ya Baba Mwenye Nyumba, na humo ilitosha vizuri sana. Kila nyumba nchini ingepelekewa moja.

Hakuna aliyepima mlango.

Sofa ya kwanza katika mtaa wetu ilikuwa ya Bwana Chande. Watu wanane waliibeba mpaka kizingitini, ikagoma. Mkewe, Mama Sikudhani, alisema, "Si muilaze ubavu, wanangu, ipite?"

Msimamizi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Sofa ya Taifa hailazwi ubavu. Je, bendera hulazwa ubavu?"

"Ikipita mlangoni hulazwa."

Waliandika jina lake, kisha wakabomoa ukuta. Nashukuru kusema waliubomoa kwa uangalifu, na tofali zilizobaki nzima walizipanga vizuri kando, wakaondoka nazo.

Sofa ilijaza chumba chote. Bwana Chande alikaa katikati, mikono ameitandaza, na mtaa mzima ukaja kumtazama kupitia tundu la ukuta.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Umeona mwanaume anavyokaa?"

"Naona, baba Sikudhani. Na sisi tukae wapi?"

"Si jiko lipo."

"Jiko ulilitoa nje jana, ili sofa ipate pa kunyooshea miguu."

"Basi nje kuna hewa!"

Kulikuwa pia na suala la nailoni. Kwetu sofa mpya haivuliwi nailoni yake upesi, ni desturi, na wizara iliifanya desturi hiyo kuwa sheria: nailoni isitolewe mpaka kiongozi aje kuizindua sofa. Viongozi wana kazi nyingi. Ilikuwa miezi ya joto. Bwana Chande alitoka jasho, akashikamana na nailoni, na kila alipojaribu kuinuka tulisikia huku kwetu sauti kama ya mtu anayebandua chapati iliyoungua. Baada ya wiki mbili alianza kukaa kizingitini kwenye mlango wake wa zamani. Sofa akawaachia kuku. Lakini wageni wakija alikimbilia kukaa katikati na kutandaza mikono.

Sasa nije kwetu.

Mume wangu alikuwa seremala kwa miaka hamsini. Alitengeneza milango, vitanda, majeneza, na viti visivyo na simba. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha, kikachukua mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, na upande mmoja wa mdomo. Ulimi kilimwachia, ila mzito. Aliporudi kutoka hospitali jambo alilolia nalo halikuwa kazi. Lilikuwa choo. Kila alipotaka kwenda msalani ilibidi nimwinue, na mimi ni mdogo wa umbo, nikaishia kuita majirani. Mwanaume wa miaka sabini na minne kubebwa kwenda msalani mchana kweupe, watu wakimpa pole njiani!

Basi tukakirekebisha kitanda. Yeye alisema, mimi nikafanya. Nilikata miguu mpaka kimo cha kitanda kikalingana na goti lake. Upande wa kulia tukasimamisha kishikio cha mninga, nguzo fupi yenye kirungu juu, kilichochongwa kwa kipimo cha kiganja chake. Alikaa pembeni mwa kitanda, akakishika, akahesabu moja, mbili, akainuka. Akaenda msalani peke yake. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilijifanya nakunja khanga, nikakunja khanga ileile mara sita.

Kitanda hicho kilikaa chumba cha mbele, kwa sababu ndicho chenye njia ya kutokea uani. Na chumba cha mbele, kwa mujibu wa wizara, ni sebule.

Afisa Ladha wa Wilaya alikuja asubuhi ya Jumatatu. Aliitwa Bwana Mkumbukwa. Alivua viatu mlangoni, ingawa mwongozo wa wizara unataka afisa aingie na buti ili aonekane. Nilimpa maji, akachutama kuyanywa, kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Nchi yetu imejaa watu wasio wabaya, na ndiyo maana mambo haya hufanyika kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kupima ladha yako. Maswali ni arobaini."

"Marahaba. Pima."

"Swali la kwanza. Unapoingia sebuleni mwako, unataka ujisikie kama nani? Simba, jenerali, au rubani wa ndege?"

Kibwana alifikiri. Maneno humtoka moja moja, kama mtu anayeshusha magunia.

"Kama... nimefika nyumbani."

Bwana Mkumbukwa alipitisha kidole kwenye karatasi. "Hilo halimo, Mzee."

"Basi acha wazi."

"Rangi ya kiume ni ipi?"

"Ya mti."

"Karatasi inasema nyeusi."

"Mti ukiungua... huwa mweusi."

"Kwa hiyo niandike nyeusi?"

"Andika umeungua."

Afisa alifuta jasho. "Kiti kizuri ni kipi?"

"Kile ambacho mgonjwa akikiona... haogopi."

"Mzee, nakuomba. Jaribu kujibu kama mwanaume."

"Nina watoto sita, mwanangu. Nijaribu zaidi ya hapo?"

Nilicheka, nikajificha kwa upande wa khanga. Bwana Mkumbukwa naye alitazama dirishani kwa muda. Kisha akapiga hodi kwenye mbao za kitanda kwa kalamu yake. "Kimo hiki si cha kawaida. Nani alikichagua?"

"Goti langu."

"Goti si mtu. Nauliza nani."

"Kwako wewe... nani huchagua kitanda?"

"Mke wangu," alisema Bwana Mkumbukwa, kisha akakumbuka kazi yake, akatazama huku na huku.

"Sijasikia," alisema Kibwana.

Alipata alama tatu kati ya arobaini, na moja ilikuwa ya kuwapo. Akaandikiwa cheti: Ladha Imeingiliwa, Mwanaume wa Muda, kihakikiwe kila baada ya miezi mitatu. Kitanda kikaamriwa kitolewe kabla ya Ijumaa na nafasi yake ichukuliwe na Sofa ya Taifa, ambayo ingemrudishia mzee ladha yake kwa kuikalia.

"Na akitaka kuinuka?" niliuliza.

Bwana Mkumbukwa alipekua mwongozo wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni kitabu kikubwa. "Bibi," alisema taratibu, "habari za kuinuka hazimo."

Ijumaa walikuja. Samani zisizo za kiume za mtaa mzima zilipelekwa uwanja wa mpira kuchomwa: vigoda, meza za maua, makabati ya vioo, na vitambaa magunia kumi na manne. Walipokinyanyua kitanda chetu, Bwana Mkumbukwa aliwaambia wasubiri kidogo.

"Bibi," alisema, "nasikia chafya inakuja. Zangu huwa ndefu. Hugeuka ukutani, na wenzangu hawa hugeuka nami kwa heshima."

Akageuka, wenzake wakageuka. Akapiga chafya kumi na moja, wala si za kweli. Ya kumi ilipofika nilikuwa nimekwisha kung'oa kishikio. Alipogeuka alikiona mkononi mwangu, akaandika kwenye fomu: mchi mmoja, umebaki kwa mwenyewe.

Kitanda kilichomwa kabla ya saa sita mchana. Mninga huungua polepole, na harufu yake ni nzuri.

Ukuta ukabomolewa, sofa ikaingia wima huku mtu mmoja akipuliza tarumbeta. Kwa mitaa ya daraja la kwanza hupuliza watu saba. Kibwana alikalishwa, akazama kama mwiko ndani ya uji. Magoti yake yakawa juu kuliko kiuno. Mkono wake mzima ulitafuta kitu cha kushika, ukapata nailoni, ukateleza. Ukapata kichwa cha simba, nacho kilifunikwa nailoni, ukateleza.

Siku hiyo nilimwita Bwana Chande mara sita, naye alikuja mara zote sita bila kununa. Simsahau kwa hilo. Siku ya pili aliitwa kwenye mkutano wa wanaume wenye sofa, akachelewa. Mimi nilivuta, nikavuta. Fundi Kibwana aliniambia niache.

Nailoni haifyonzi kitu.

Nilimsafisha, nikambadilisha, nikakausha sofa. Hakunitazama mpaka jioni.

"Mwasiti."

"Naam."

"Usiniambie pole."

"Sijasema kitu."

"Unaisema kwa macho."

Nikageuza macho. Nje ya tundu la ukuta watu walikuwa wanapita na kutusalimu, na wote walitupongeza kwa sofa.

Asubuhi yake aliniambia nilete sanduku la vifaa. Kuibadili Sofa ya Taifa kwa namna yoyote ni kosa. Adhabu yake ni mwaka mzima katika Chuo cha Kurekebisha Ladha, ambako wafungwa hukalishwa wakitazama picha za simba. Nilimkumbusha.

"Anza na nailoni," alisema.

Nikaichana upande wake. Nikatoa rafu ya kabati la vyombo, nikaisukuma chini ya mto ili asizame. Kisha akanionyesha pa kufunga kishikio, kando ya mkono wa sofa. Skrubu moja ilibidi ipite kwenye jicho la simba.

"Fundi, hapa tunamtoboa jicho."

"Alikuwa... haoni tangu mwanzo. Kaza."

Nikakaza. Kiganja chake kikakishika kishikio kama mtu aliyekutana na ndugu. Moja, mbili, akainuka. Alipita mbele yangu akiburuza mguu, akatokea kwenye tundu la ukuta, akaenda uani. Nilisikia mlango wa choo ukifungwa kwa ndani. Sijasikia sauti tamu kama ile tangu watoto wangu walipokuwa wachanga.

Tuliishi hivyo wiki tatu. Halafu likaja tangazo kwamba Waziri wa Sebule mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Gervas Ndomba, angekuja kuzindua sofa za mtaa wetu, na sherehe ingefanyika nyumbani kwetu. Tulichaguliwa kwa sababu tundu letu lilikuwa pana kuliko yote na kamera zingeingia.

Bwana Mkumbukwa alikuja kukagua siku moja kabla. Alisimama mbele ya kishikio.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Mchi, mwanangu. Wewe mwenyewe uliuandika."

Akakaa. Akakishika, akainuka. Akakaa tena. Akainuka tena. Mara ya tatu aliinuka akabaki amesimama. Kesho yake alfajiri alileta shada la maua ya karatasi akalizungushia kishikio chote, kikaonekana kama pambo la sherehe.

Mheshimiwa Ndomba aliingia, akaketi, na kwa heshima akakaa upande ule wa Kibwana, penye kishikio. Kibwana alisogezwa mwisho mwingine, kwenye nailoni. Katikati wakakaa Mkuu wa Wilaya na Katibu wa Wizara.

"Leo," alisema Mheshimiwa akiwa ameketi, "tunashuhudia mwanaume akirudi nyumbani! Huyu mzee mnayemwona alikuwa na ladha iliyoingiliwa. Alilala kwenye kitanda kifupi kama cha mtoto. Mtazameni sasa! Amezama katika heshima! Hawezi hata kutoka!"

Makofi. Kibwana alinitazama kwa jicho moja. Nikampa ishara avumilie.

Kisha ukapigwa wimbo wa taifa, na kila mtu anajua sheria ya wimbo wa taifa. Mkuu wa Wilaya alijitupa mbele, nailoni ikalia, akarudi. Katibu alimshika Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya akamshika Katibu, wakavutana, wakazama wote. Mwisho Mkuu wa Wilaya akapiga saluti akiwa amelala chali. Lakini Mheshimiwa Waziri, mtu mnene kuliko wote, alipapasa kando, mkono ukakutana na maua ya karatasi, akavuta. Akainuka. Alisimama wima peke yake, na uso wake haukuwa wa mtu anayeimba.

Wimbo ulipokwisha aliamuru watu wote watoke. Wenye kamera wakatoka, Mkuu wa Wilaya na Katibu wakabebwa. Akataka kufunga mlango, akaona hakuna ukuta wa kuufanya mlango uwe na maana, akavuta khanga niliyoitundika kwenye tundu. Halafu akang'oa maua ya karatasi moja moja mpaka mninga ukaonekana.

"Nani ametengeneza?"

Nikajua ni Chuo. Nikafungua mdomo kusema ni mimi, maana skrubu kweli nilikaza mimi, lakini Kibwana alinitangulia.

"Mimi."

Waziri alichutama mbele yake. Sikutegemea kuona suruali ile ikichutama.

"Mzee," alinong'ona, "nitakalolisema ni siri ya dola. Baba Mwenye Nyumba hajainuka tangu mwezi wa pili."

Akachungulia nje pembeni mwa khanga, akaendelea.

"Sofa ilipofika Ikulu aliikalia kupigwa picha. Ikammeza. Kumshika kwapani hakuruhusiwi, hakuna mwenye cheo cha kumshika kwapani. Tumelijadili katika Baraza la Mawaziri mara nne. Anakula hapo, anasaini hapo. Hamjaona hotuba zote anatoa amekaa?"

"Nilidhani ni heshima," nilisema.

"Ndivyo tulivyowaambia."

"Na msalani?" Niliuliza kwa sababu mtu aliyemuuguza mwenzake huuliza hayo kwanza.

Mheshimiwa alitazama viatu vyake. "Kuna kamati."

Nilimwonea huruma, na aliyeketi Ikulu nikamwonea pia, kwa muda mfupi.

"Basi, Mzee," alisema Waziri, "tutengenezee kishikio kama hiki. Kwa ajili yake."

Kibwana alikuwa amezama kwenye nailoni, magoti juu. Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno.

"Kishikio... hutengenezewa mtu... anayetaka kuinuka. Anataka?"

"Hilo hatujamuuliza."

"Muulizeni kwanza. Ndipo nitajua... kipimo."

"Mzee, yule haulizwi."

"Basi siwezi kupima."

Waziri alisimama, akapangusa magoti, na sauti yake ikarudi ile ya mbele ya kamera. Alisema taifa haliwezi kusubiri kipimo. Alimwita dereva wake aje na bisibisi. Skrubu nne zikatoka, ya mwisho ikitokea kwenye jicho la simba, na kishikio kikafungwa kwenye bendera ndogo kikatiwa garini. Kwa upande wetu, alituandikia hapohapo kwa mkono wake: kosa la kuharibu sofa limesamehewa, na Kibwana amepandishwa kuwa Mwanaume wa Kudumu, Daraja la Kwanza.

Alipompa cheti, Kibwana alijaribu kujivuta mbele ili aseme neno.

"Usisumbuke kuinuka, Mzee," alisema Mheshimiwa kwa upole, akatoka.

Ilibidi nimwite Bwana Chande.

Jumapili ile Bwana Mkumbukwa alipita kwetu na nguo za nyumbani. Alisema alikuwa anapita tu. Kwa kuwa alikuwa anapita tu, alishika ubao wakati mimi nakata. Tulikata mwimo wa mlango wetu, ambao ulikuwa umesimama bado, umefungwa kwa komeo, kando ya tundu linalopitisha sofa. Ni mbao nzuri. Kibwana aliuweka mlango ule yeye mwenyewe mwaka tuliooana. Bwana Chande alikuja kuazima msumeno, na alipoona tunachofanya akauliza, bila kututazama, kama tungeweza kumchongea na yeye mchi mmoja wa mgongo wake. Wiki hiyo tulichonga michi tisa. Hakuna aliyekuwa na nafaka ya kutwanga, na hakuna afisa aliyeuliza.

Habari za Ikulu zilitufikia mwezi uliofuata. Alizileta Mama Sikudhani, ambaye binamu yake anapiga deki huko. Alikaa kwenye mkeka, akashusha sauti.

"Fundi, kile kishikio chako kimefungwa kando ya sofa yake. Binamu yangu amekiona kwa macho."

"Ameinuka?"

"Hajainuka. Hata hajakigusa kwa mkono."

"Kinafanya nini?"

"Anatundikia kofia."

Nilimtazama mume wangu, nikaogopa kwamba jambo hilo lingemuumiza, kazi ya mikono yake kutumiwa hivyo.

"Kofia... inakaa vizuri?"

"Wanasema inakaa vizuri mno."

"Basi ana alichokitaka," alisema Fundi Kibwana. Akacheka kwa upande ule wa mdomo unaocheka, akashika kishikio chake kipya, akahesabu moja, mbili, akainuka, akaenda zake msalani.